Vipande Mia Tatu Themanini na Sita

Jumatatu, 10 Februari 2025

Mvua. Kazi hakuna. Tangu Krismasi nimeandika vitu viwili tu: jina la marehemu kwenye msalaba, na "Usikojoe hapa" kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Wanakojoa hapo hapo, tena huku wanasoma. Miaka ishirini na sita ya brashi!

Chanzo ni Leonidas. Nilimfundisha mimi mwenyewe kushika brashi na kuchora herufi zenye kivuli. Leo ana mashine ya kuchapa mabango, na Mpanda nzima imejaa stika zake. Tukikutana barabarani ananiita mwalimu. Ananidhihaki, najua.

Lakini leo mlango umefunguka. Odeta, mama mwenye loji mpya karibu na stesheni, ameniita. Loji inaitwa Sayari. Vyumba kumi na nane, kila kimoja na jina la sayari. Nikamwambia sayari ziko nane. Akasema nisimletee ujuaji, kutakuwa na Zohali A na Zohali B. Ameagiza boksi kutoka China: chombo cha anga cha plastiki, cha kuunga mwenyewe, kikae kwenye kabati la vioo pale mapokezi. Nikikiunga kikatoka kama picha ya kwenye boksi, loji nzima naiandika mimi kwa brashi, ndani na nje. Nikishindwa, Leonidas anabandika stika. Ufunguzi ni Jumamosi ya tarehe 22.

Nimemwambia kazi hiyo kwangu ni ndogo. Sijawahi kuona kitu kama hicho maishani.

Jumanne, 11 Februari

Vipande mia tatu themanini na sita! Vimeshikana kwenye fremu, vingine vidogo kama punje ya mtama. Maelekezo ni ya Kichina. Nimevikata kwa kikata kucha cha mke wangu, Nyanzala. Kipande namba 212 kimeruka, kuku akakimeza. Nyanzala amekataa kuchinja kuku kwa ajili ya plastiki. Nimechonga kingine kutoka kwenye kifuniko cha kalamu. Kimetoka kizuri kuliko cha Wachina.

Hapo wazo likaja. Kwa nini niige boksi? Nalizidi! Nimeongeza mabomba ya mirija ya kalamu, nyaya za redio mbovu, magurudumu ya saa ya ukutani, na kwenye injini taa mbili za bodaboda, zile za buluu. Nyanzala ameuliza saa iko wapi. Nimesema iko kwa fundi. Si uongo, fundi ni mimi.

Jumatano, 12 Februari

Leonidas kaonekana loji mara mbili, anapima milango kwa tepu. Kunguru!

Nimempigia simu kwa upole. Nimemwambia kuna mzee kule Karema, ziwani, anaitwa Celestin, ana mitumbwi kumi na miwili na anataka yote iandikwe majina. Mzee huyo nimemzaa mimi leo asubuhi. Leonidas ameshukuru sana, akasema anafurahi kwamba bado namkumbuka. Kesho anapanda basi. Kwa mvua hii na barabara ile, wiki nzima hatuonani.

Ijumaa, 14 Februari

Kimesimama! Sasa rangi. Kwenye boksi chombo kimetoka vitani: masizi, kutu, michubuko. Nyanzala anauliza kwa nini kitu kipya kipakwe uchafu. Nimemwambia ni sanaa. Nimekwangua masizi chini ya sufuria, nikayachanganya na mafuta kidogo, nikayagusisha kwenye mabomba kwa ncha ya brashi. Sufuria imetakata. Hiyo ndiyo shukrani pekee niliyopata kwake wiki hii.

Kisha nikavuta mstari mwekundu ubavuni, toka puani hadi mkiani. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Nilikaa nakitazama, machozi yakanilenga. Kama kuna mashine ya kuvuta mstari ule, nitakula brashi yangu.

Jumamosi, 15 Februari

Nimepaka vanishi, nikawasha taa za injini ili nijifurahishe kidogo. Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Kumbikumbi wakaiona ile buluu.

Wamenasa kama mia hivi. Nimewang'oa mmoja mmoja kwa kibano cha nyusi cha Nyanzala. Mabawa yao yamebaki. Nimefuta, nimepaka vanishi upya.

Jumapili, 16 Februari

Vanishi bado inanata. Hali ya hewa hii haikaushi hata kaptula.

Nimemkumbuka shemeji Masunga, kaka yake Nyanzala, mkulima wa tumbaku pembezoni mwa Misunkumilo. Ana bani, ile nyumba ya kukaushia majani kwa joto. Kumwomba haiwezekani. Plastiki ndani ya bani ni mwiko, maana wanunuzi wakikuta hata uzi wa kiroba kwenye majani wanarudisha mzigo wote. Kwa hiyo sikumwomba. Alipokwenda kula, nilipanda juu ya fito nikakining'iniza chombo katikati ya majani. Mle ndani ni vuguvugu tu, majani ndiyo kwanza yanaiva njano. Kesho nakitoa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumanne, 18 Februari

Jana nilikuta mlango wa bani umefungwa na kuzibwa kwa udongo. Masunga ameanza kupandisha moto. Mlango haufunguliwi mpaka vikonyo vya majani vikauke, yaani Ijumaa. Ukifunguliwa katikati, tumbaku imekufa.

Leo nimeshinda naye pale motoni. Nimemwambia moto umezidi. Masunga hapendi kufundishwa tumbaku na mtu wa brashi. Akaongeza gogo. Nikabadilisha mbinu, nikasema nilikosea, kumbe moto ni mdogo mno, nikitegemea atabisha tena. Akasema hapo sasa nimenena, shemeji. Akaongeza magogo mawili.

Ijumaa, 21 Februari

Mlango umefunguliwa. Afadhali ungebaki umefungwa.

Pua imeinama mpaka imegusa tumbo. Mabawa yamejikunja kama majani yenyewe. Mirija ya kalamu imeyeyuka, ikadondokea tumbaku ya fito za chini. Bani zima linanuka vanishi. Mstari mwekundu bado upo, umepinda tu.

Masunga hakupiga kelele. Alikaa mlangoni akashika kichwa, akasema polepole kwamba yale ndiyo yalikuwa majani yake bora ya msimu huu. Kisha akaniuliza kama mimi ni mzima. Nimemkumbusha kwamba nilimwambia moto umezidi. Haki ni haki.

Jumamosi, 22 Februari

Nimekipeleka. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamweleza Odeta kwamba hiki ni chombo kilichoanguka, ni ubunifu wangu. Nikawasha taa. Ikawaka moja. Odeta akauliza nani alikilalia. Kisha akaomba boksi.

Dakika kumi baadaye boksi tupu limekaa kwenye kabati la vioo, picha imewaelekea wageni, na watu wanapiga nalo picha. Leonidas karudi jana, viatu bado vina tope la njiani, anabandika Zohali B. Nilikaa kwenye kibaraza nikisikia stika zinavyolainishwa mlango baada ya mlango. Imeniuma sana. Miaka ishirini na sita, nimeshindwa na boksi.

Jumatatu, 24 Februari

Nyanzala yuko kwa kaka yake siku ya tatu. Wanachambua tumbaku jani kwa jani, wanatoa plastiki. Hasemi nami. Ametuma ujumbe mmoja tu, anaulizia saa ya ukutani.

Asubuhi amekuja Leonidas. Amesema mzee Celestin hakumpata, lakini wenye mitumbwi wa Karema waliposikia anaulizia walimzunguka, wanataka majina kweli. Mitumbwi kumi na minne. Stika hazishiki kwenye mbao zinazokaa majini, na wao wamesema wazi wanataka mkono wa fundi. Akasema fundi wa namna hiyo Mpanda yupo mmoja tu, ndiye aliyemfundisha. Ameniachia namba zao kwenye karatasi, akashika mkono wangu kwa mikono miwili. Sijui aliwahi vipi kumwambia Nyanzala, maana mchana mke wangu akapiga simu. Neno lake la kwanza kwangu tangu Ijumaa: nenda.

Siendi ng'o! Mtu akikutafutia kazi Karema msimu wa mvua, ujue anataka uondoke mjini. Mchezo huo naujua kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Karatasi nimewashia jiko.

La muhimu sasa ni chombo. Plastiki ikipata joto inalainika, hilo nimelithibitisha mwenyewe. Ikilainika, inanyooka. Kinachotakiwa ni joto dogo na mkono wa fundi, na Odeta akikiona kimenyooka atabandua stika zote. Keshokutwa Masunga anapakia bani jingine. Nimempigia, nimemwomba msamaha vizuri kabisa, kwa unyenyekevu, na kabla ya kukata simu nikamuuliza siku hizi anakwenda kula saa ngapi.