Ampli Yangu na Maharagi ya Chorale

Jumatatu, 3 Juni

Repetisyo, mazoezi ya nyimbo, kanisani hapa Mapendo, Goma. Siku mbaya. Nimepiga gitaa saa nzima na hakuna aliyejua. Mama Louise, anayeongoza chorale, kwaya yetu ya kanisa, aliniuliza kama leo nimekuja na gitaa. Nilikuwa nimelishika!

Ampli yangu, ya kukuza sauti ya gitaa, nimeiunda mwenyewe. Lampu yake ya kioo niliitoa katika redio ya marehemu baba, ile aliyoibeba mgongoni kutoka Masisi. Sanduku ni mbao za chukudu, lile gari la mbao la kusukumia mizigo, lililovunjika. Ikiwaka, moto mdogo mwekundu huonekana ndani, nami hukumbuka uso wa baba akisikiliza habari. Asubuhi nyumbani inatikisa vikombe. Kanisani inalia kama mbu.

Viateur, mpiga kinanda, ana kitufe chenye sauti ya gitaa. Alikibonyeza taratibu, makusudi, Mama Louise asikie. Ndipo Mama akasema mbele ya wote: "Papa Onésime, siku ya yenga batu bote basikie gitare yako, ao utaingia protocole."

Protocole! Wale wanaovaa utepe kifuani na kuonyesha watu viti. Na siku ya yenga hii, Jumapili, ni sikukuu ya chorale. Nimepiga gitaa hapa tangu ujana wangu. Bila gitaa mimi ni nani kanisani humu?

Baada ya repetisyo tulikula maharagi, kama desturi ya chorale yetu. Mke wangu Dative ndiye mkuu wa jiko. Nilikula kwa huzuni, sahani mbili.

Jumanne, 4 Juni

Nimegundua tatizo. Bafle, yaani spika, ni ndogo. Carlos, mpiga ngoma wetu, ana bafle kubwa iliyotoka katika baa iliyofungwa. Anaikalia. Nilimweleza kwa upendo kwamba kiti cha namna hiyo kinaharibu mgongo. Akaamini. Nimempa kigoda cha Dative, nimeondoka na bafle. Dative anauliza kigoda kiko wapi. Nimesema nitachunguza.

Jumatano, 5 Juni

Repetisyo. Bafle kubwa, mbu mkubwa. Wimbo wa kwanza sauti ilikuwepo. Kufika wa tatu, lampu ilififia kama makala, makaa ya jikoni, yanayozimika. Viateur akaniuliza kama napenda utepe wa kijani au wa njano. Nikamjibu kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Akasema kweli, basi debe langu mimi limejaa, maana halivumi. Nimetafuta jibu njia nzima.

Dative naye ana maneno yake. Anasema jiko na kanisa vinakula umeme wa waya mmoja, na wao wakiwasha réchaud tatu, majiko ya umeme, za maharagi, kurani, nguvu ya umeme, inashuka. Kinanda cha Viateur hakijali kwa sababu kina betri. Nilimshukuru. Mwanamke mwema. Lakini maharagi ni maharagi na gitaa ni gitaa.

Ijumaa, 7 Juni

Munigi, kwa Muzee Havugimana, fundi wa redio za zamani. Ana lampu iliyo ndugu ya lampu yangu! Hakutaka kuiuza. Alikuwa akiangalia viatu vyangu vya kanisani. Tukaelewana.

Tuliifunga lampu ya pili pale pale. Muzee alinionya niijaribu kwanza wakati umeme umejaa, na nipandishe sauti polepole. Niliitika. Kisha nikarudi pekupeku. Mawe ya lava ya Munigi hayana huruma. Nilikuwa na furaha hata hivyo.

Jumamosi, 8 Juni

Repetisyo ya mwisho. Maharagi yanachemka, harufu inafika hadi madhabahuni. Vitufe vyote vya ampli hadi mwisho. Nimesikika! Si sana, lakini nimesikika. Mama Louise amesema ni afadhali.

Nilimwona Viateur akivitazama vitufe vyangu. Ninamjua. Kesho atavirudisha nyuma kwa siri. Kwa hiyo nimevigandisha vyote kwa gundi ya viatu. Viatu sina, gundi ninayo. Sasa hata mimi mwenyewe siwezi kuvizungusha. Nimemweza.

Jumapili, 9 Juni

Kila mtu alinisikia.

Niandike kwa utaratibu. Nilikwenda na kandambili. Wimbo wa kwanza, chorale nzima ilifungua midomo na sikusikia mwimbaji hata mmoja. Mama Louise akanionyesha kwa mkono nipunguze. Nikamwonyesha gundi.

Kisha pasteri akasema tuombe kimya. Nikaegemeza gitaa kwenye ampli kama siku zote. Likaanza kunguruma lenyewe. Kwanza chini, polepole. Kisha madirisha. Kisha mabenchi.

Watu wa Goma wakisikia mngurumo wa namna ile hawaulizi maswali. Mama Mukashyaka, aliyetuzidi wote umri, alifunga kitambaa chake vizuri, akachukua mkoba, akatoka. Nusu ya kanisa ikamfuata, watoto mgongoni, kwenda kuutazama mlima wa moto. Nyiragongo ilikuwa imetulia kabisa. Viateur ndiye aliyechomoa waya. Watu wakarudi mmoja mmoja, kila mmoja akinitazama kwanza mimi, kisha kandambili zangu. Pasteri alianza sala upya, kwa sauti.

Jumatatu, 10 Juni

Mama Louise amefika nyumbani. Hakugomba. Protocole hadi Noeli. Ameniachia utepe, wa njano, na kusema kandambili haziruhusiwi. Alipoondoka nililia kidogo. Niliwasha ampli nikakaa nayo, nikiangalia zile taa mbili.

Dative akaja kukaa karibu nami. Mikono yake ilikuwa bado myeusi kwenye kucha. Akasema polepole: "Jana sikuwasha réchaud. Nilipikia inje ku makala tangu asubui, juu gitare yako ipate kurani yote. Mambo ya gundi sikuyajua, Papa."

Nilimshika mkono. Ni mke gani mwingine angefanya hivyo? Nikamweleza kwa upole, asije akajilaumu bure, kwamba haikuwa makala. Ilikuwa lampu ya pili. Akainuka, akaenda kuosha sufuria.

Sasa nawaza kwa utulivu. Mtu wa protocole husimama mlangoni. Pale mlangoni pana prizi ya umeme ambayo hakuna anayeitumia. Muzee Havugimana bado ana lampu moja, na anasema mke wake hana viatu vya kanisani.

Nimemuuliza Dative anavaa namba gani.