Meza na Kilichomo

Siku kiwanda kilipobandika tangazo la kupunguza wafanyakazi, wenzake walisoma wakashika vichwa. Ignas alisoma akashika tai. Miaka ile redio haikuwa na neno jingine ila hisa, ubinafsishaji na soko huria, na mji mzima wa Morogoro ulishajua kwamba huko Dar watu wananunua na kuuza vitu visivyoonekana, na wananenepa. Ikiwa watu wamekubali kununua kisichoonekana, Ignas alijiambia, kazi yangu imebaki ndogo.

Akapanga chumba karibu na stendi ya Msamvu, akanunua meza kuukuu, akatundika kibao: WAKALA WA BIASHARA YA FEDHA, KANDA YA MASHARIKI. Kanda yenyewe ilikuwa chumba kimoja na feni isiyozunguka. Walitakiwa wanagenzi wa kuuza hisa na fedha za kigeni. Uzoefu si lazima, dhamana ya shilingi elfu ishirini ni lazima. Aliyeuliza dhamana ya nini alijibiwa, kwa huzuni ya daktari, kwamba hakuna anayekabidhiwa mamilioni bila kuacha chochote nyuma.

Tusimwonee. Ignas hakuwa mbumbumbu wa mambo haya. Mwaka uliopita alikwenda Dar kwenye usaili wa kweli wa kazi hiyohiyo, kwa shati la kuazima. Wakamuuliza swali moja tu: muuzaji na mnunuzi wakikubaliana bei, kila mmoja akaondoka anacheka, mjinga ni nani? Akasema inategemea. Wakamwambia watamwandikia barua. Barua haikuja, lakini swali alibaki nalo, na sasa alikuwa akiwatesa nalo watu wa Morogoro.

Jumamosi ya wiki ya pili, waombaji watatu wa mwisho walipolipa, dhamana zikatimia ishirini na nane, zimelala ndani ya droo ya meza, kufuli juu. Waombaji aliwapa risiti, akawaambia fedha zao ziko benki. Droo ina karatasi za ofisi tu. Basi lake la Dar lilikuwa la saa sita. Lilibaki jambo dogo, kumaliza usaili ili watu warudi majumbani kungoja barua kwa utulivu.

Wa mwisho kuitwa alikuwa binti aitwaye Nasra. Akaingia mama yake.

"Nasra anajua vitabu," akasema yule mama, ameshakaa kabla ya kukaribishwa. "Nyie mnataka mfanyabiashara. Mimi ni Mwaisha, nateremsha karoti na kabichi kutoka milimani Mgeta, mwaka wa kumi na tisa huu. Na hiyo dhamana ya Nasra ni karoti zangu za msimu mzima."

Umri wake ulidai shikamoo, lakini Ignas aliona meneja akianza kuamkia waombaji ofisi itashuka hadhi. Akaimeza. Badala yake akamtupia swali la Dar.

"Hilo halijibiwi kwa mdomo, baba," Mwaisha akasema. "Niuzie kitu nikuoneshe. Na waite wale wa nje, kwetu biashara bila shahidi ni umbea."

Saa ilikuwa tano na robo. Ignas akaona amepata kichekesho cha kufungia mkutano. Akafungua mlango, watu wakajaa mpaka dirishani, pamoja na Mzee Salum mwenye nyumba, ambaye penye watu zaidi ya watatu hakosi.

Mwaisha akachagua meza. Ignas akataja elfu kumi. Mwaisha akaizunguka kama anayekagua mbuzi wa mahari, akaanza kuisema: mguu mmoja mfupi, umetegewa gazeti, mchwa kashaonja, droo imefungwa, nani ajuaye kama inafunguka. Kila kasoro ikashusha bei, na kila ilivyoshuka watu wakacheka, mpaka ikatua kwenye shilingi mia tano. Ignas alicheka kuliko wote. Meza yenyewe angeiacha palepale.

"Ila Mgeta tunanunua shamba na kilichomo," Mwaisha akasema, noti mkononi. "Karoti iko chini, haionekani. Ikitoka nene, bahati yangu. Ikitoka imeoza, sikurudii. Na wewe ukishashika pesa, hufukui tena hata moja. Unaniuzia meza na kilichomo?"

Ignas akaitupia jicho droo.

"Kwani humo mna nini?" akauliza Mzee Salum, kwa nia njema kabisa.

Watu wote wakamtazama meneja. Kusema mna fedha hakukuwezekana. "Karatasi za ofisi," akajibu, na moyoni akajituliza kwamba mtihani ni mtihani, hakuna mtu atakayepandisha meza mlimani. "Haya, mama. Na kilichomo." Akapokea ile mia tano.

Alisahau jambo linalojulikana Morogoro nzima: lori la Mgeta hushuka limejaa na hupanda tupu. Lilikuwa ng'ambo ya barabara, na kabla hajaiweka noti mfukoni waombaji wanne walishaifikisha meza mlangoni. Akawafuata mbio, akieleza kwamba ule ulikuwa usaili tu, na angalau achukue karatasi zake.

"Hufukui tena," Mwaisha akamkumbusha.

Mmoja wa wabebaji alikuwa Tomasi, fundi mitambo. Kiwanda kilimwachisha kazi, hakikumwachisha bisibisi. Kufuli likaachia, droo ikavutwa, na noti za dhamana zikawa wazi mbele ya wenyewe.

Mkono wa mtu ulishaikamata tai ya meneja. Mwaisha akauzuia.

"Asiguswe, nimefanya naye biashara halali. Niambie, baba. Hizi ni karatasi za ofisi, au ni fedha za watu hawa, zile zilizoko benki?"

Ignas akaitazama mikono ya watu waliomzunguka. "Karatasi za ofisi," akasema taratibu.

"Basi ni zangu."

Akakaa juu ya meza yake, akaita watu mmojammoja na risiti zao. Kila mtu alirudishiwa dhamana yake, pungufu ya shilingi mia tano za udalali, na Nasra, mtoto wa kumzaa, alikatwa vilevile. Hakuna aliyenung'unika. Mzee Salum alijichukulia feni, akidai itazunguka tu ikipata mtu mwaminifu.

Ignas akasogea. "Shikamoo, mama." Ilimtoka yenyewe.

"Marahaba, baba."

"Lile swali. Jibu lake?"

"Mjinga ni asiyejua alichouza." Mwaisha akamtazama kuanzia tai mpaka viatu. "Kazi hii unaipenda kweli?"

"Naipenda, mama."

"Vizuri. Tutakuandikia barua."

Basi la saa sita aliliwahi. Lakini mia tano, mbele ya utingo wa basi la Dar, humfikisha mtu Mikese tu, si mbali na Morogoro. Hapo ndipo aliposhushwa, jua la utosi, na wauza mahindi ya kuchoma wakainuka kumsalimu kwa heshima zote, kwa ajili ya ile tai.