Miiba Niliyoiona Peke Yangu Kwenye Hadubini

Jumatatu, saa nne na robo asubuhi, maabara ya shule yetu hapa Tegeta. Hapo ndipo heshima yangu ilipoishia.

Madam wa Baiolojia alikuja na kioo kidogo alichoazimwa na kaka yake anayesomea miamba chuoni. Ndani yake kuna mabaki ya kiumbe wa kale, wa kale kweli. Limebaki ganda tu, tena si mfupa wala jiwe, ni kitu kama ngozi ya kitunguu. Bila hadubini hulioni.

"Kila mtu aangalie, aandike umbo lake. Atakayeeleza vizuri ndiye atakayesimama kwenye maonyesho ya sayansi."

Mie nikaitaka hiyo nafasi. Toka Form One sijawahi kuchaguliwa kwa lolote zaidi ya kudeki.

Nikaenda kichwa chini (kuna sababu, nitaisema). Nikaona duara. Na pembeni, miiba! Mirefu, myeusi, imepinda kwa juu. Nikaandika yote.

Nikachungulia kwa Zuhura, jirani yangu: "Mviringo. Ukuta laini, una mikunjo. Hauna miiba."

Hauna miiba? Nikamtazama. Akafunika daftari kwa kiwiko. Ahaa! Huyu ananipoteza makusudi. Nikachungulia kwa Baraka wa mbele. Hauna miiba. Wamepanga hawa! (Nilishaanza kukumbuka nani alikaa na nani wakati wa chai.)

Madam akauliza, "Nani kaona miiba?"

Mkono mmoja. Wangu. Mie ambaye hata ruhusa ya kwenda chooni huwa naomba kwa macho.

"Angalia tena."

"Ipo, madam. Na inacheza."

"Inacheza?"

"Ndiyo. Nikipepesa."

Hapo hata mwenyewe nikasikia nilichosema.

Madam akasogea taratibu. "Hebu tumia jicho la kushoto."

Nikatumia. Miiba hakuna.

"Haya, niangalie usoni."

Sasa ile sababu. Jumamosi ilikuwa sendoff ya dada yangu kule Madale, wapambe wote tukabandikwa kope za bandia. Za kushoto zilitoka kwa mafuta ya kula. Za kulia ziligoma, nikaziacha, nikapita geti la shule nimeinama kama nimeangusha sindano, maana ni marufuku.

"Mwanangu," madam akasema, "umetuelezea kope zako."

Zuhura hakunionea huruma. "Shoga, na hizo ni za kale?"

Darasa lilivyocheka, jamani!

Leo asubuhi nimezing'oa (na zangu tatu za kuzaliwa zimeondoka nazo), nikamfuata madam maabara kabla ya kengele.

"Shikamoo madam. Naomba niangalie tena."

Nikaandika: mviringo, ukuta laini, umejikunja upande mmoja, miiba hauna. Akasoma, akaitikia kwa kichwa.

"Sasa ndicho chenyewe. Ila nimeshamchagua Zuhura aeleze. Wewe utakaa kwenye hadubini, ukague kope za kila anayetaka kuchungulia."

Kwa hiyo nimechaguliwa. Anayecheka ajue atapita kwangu.