Mgonjwa ni Mwenzangu

Jumanne, 8 Julai 2025. Nyakakika.

Nimepata kazi. Asubuhi Gosbert amenipigia simu kutoka Mwanza. Tulisoma naye shule ya msingi. Yeye akaendelea, mimi nikabaki kuangalia kijiji. Mama yake, Ma Celestina, ameteleza tena kibanjani, kwenye migomba yake, akikata ndizi. Hakuvunjika, tunamshukuru Mungu. Lakini anaishi peke yake, presha inampanda na dawa hamezi. Gosbert anaomba nimtafutie mtu wa kukaa naye, au nyumba yenye watu ya kumpokea. Nikamwambia amefika kwa mtaalamu.

Sikuwa mtaalamu alipopiga. Nilikuwa mtaalamu alipokata. Kuanzia leo mimi, Melkiory, ni Mshauri wa Matunzo na Makazi ya Wazee, Karagwe na Kyerwa. Nimemtangazia mke wangu Kemirembe wakati anaanika kahawa. Akauliza kama ushauri huu utakuwa kama ule wa sungura. Sungura walikufa kwa baridi. Halikuwa kosa langu.

Kuna jambo linanikera. Kule Rugera, Winston anafanya kazi hii hii. Ana kibao barabarani na kiti cha plastiki cha wageni. Watu wanamsifu kwamba kwanza anakaa na mzee, anamsikiliza, anamwuliza anataka nini. Kupoteza muda. Mzee anajulikana anachotaka: utulivu, uji, na mtu wa kumshika mkono.

Jumatano, 9 Julai.

Nimempeleka Kayitesi kwa Ma Celestina. Binti mwenye nguvu, msafi, hana maneno mengi. Nikahesabu kazi imekwisha kabla ya chai. Jua halijafika utosini, Kayitesi karudi na mfuko wake. Amefukuzwa. Kosa lake: alitaka kumshika bibi mkono kwenda chooni.

Nikaenda mwenyewe. Shikamoo, marahaba, nikapewa kigoda. Ma Celestina akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimeona kitanda cha mgonjwa humo ndani. Nikasema sijaona.

"Anayetunzwa ni mgonjwa," akasema. "Mimi nimezaa, nimelea, nimemuuguza mume wangu mpaka nikamzika. Leo unaniletea mtoto anishike mkono? Kama una mgonjwa mlete, nitamtunza mimi."

Nimerudi nyumbani nimenyong'onyea. Njiani Winston amenipita na pikipiki yake, akanipungia mkono. Hata kupunga anapunga kwa majivuno.

Ijumaa, 11 Julai. Kayanga.

Siku njema. Nimekuja sokoni kununua jembe, nikakutana na Niyonsaba, yule anayeuza vitenge. Mama yake, Bibi Mukandekezi, anaishi peke yake Kimuli kwenye nyumba nzuri ya bati. Magoti yamemwisha, hata kanisani haendi tena. Kila msichana anayepelekewa anamfukuza. Anasema walipokuja kutoka Rwanda aliwabeba wadogo zake mgongoni, na mtu aliyebeba wenzake habebwi. Niyonsaba alikuwa anakunja kitenge kile kile mara kwa mara huku macho yamejaa machozi. Akauliza kama namjua mama mtu mzima, mwenye busara, wa kukaa na mama yake.

Hapo akili yangu ikawaka.

Nikamwambia Niyonsaba ninaye mlezi: mama mtu mzima, mzoefu wa wagonjwa, jikoni hatoki. Nikampigia Gosbert: nimepata familia ya heshima Kimuli itakayomtunza mama yako. Nikampigia Bibi Mukandekezi: kuna bibi wa Nyakakika anaumwa presha na hana mtu, je, utampokea umwangalie? Akasema nimlete hata leo. Jioni nikapita kwa Ma Celestina: Ma, mgonjwa uliyemtaka nimempata. Kila mmoja kafurahi, na hakuna aliyesikia alichoambiwa mwenzake. Wapo waliosoma chuo kikuu na hawafiki hapa.

Jumatatu, 14 Julai. Kimuli.

Tumehama. Ma Celestina alipanda mchomoko, gari dogo la abiria, akiwa na mkungu wa ndizi, kuku wawili na blanketi jipya la mgonjwa. Kimuli tukamkuta Bibi Mukandekezi amesimama mlangoni na blanketi jipya la mgonjwa.

Wakakimbiliana, kwa kadiri ya miguu yao. Kila mmoja akamshika mwenzake kiwiko amwingize ndani. Mlango ni mwembamba. Walikwama pale wakihimizana polepole mama, polepole, mpaka nikawasukuma kidogo kwa nyuma.

Ma Celestina akaninong'oneza kwamba mgonjwa yuko vibaya kuliko nilivyosema, nitazame hayo magoti. Bibi Mukandekezi akanivuta pembeni: masikini, anavyohema, nani alimwacha peke yake? Nikamwambia kila mmoja amvumilie mwenzake. Nikaondoka haraka.

Alhamisi, 24 Julai.

Nimewatembelea. Kicheko chao nilikisikia tangu barabarani.

Wanagombania jiko. Kila mmoja anajitahidi kuamka kabla ya mwenzake ili amkorogee mgonjwa uji. Anayechelewa ananuna mpaka mchana. Ma Celestina anameza dawa zake za presha bila kukosa. Anasema anampa mgonjwa mfano, maana naye hapendi dawa za magoti. Bibi Mukandekezi Jumapili alitembea mpaka kanisani. Si kwa ajili yake, anasema. Alikuwa anamsindikiza mgonjwa. Mmoja anaongea Kinyambo, mwingine Kinyarwanda, na wanaelewana vizuri. Wakitaka kugombana ndipo wanapoingia kwenye Kiswahili.

Niliondoka kifua mbele. Kwenye njia panda nikamkuta Winston ananisubiri juu ya pikipiki. Kumbe naye amepita pale, akakaa nao, akawauliza kila mmoja anahitaji nini. Kila mmoja akamweleza mahitaji ya mgonjwa wake.

Hakucheka. Alisema wale mama wanapendana na hilo ni jema, lakini mle ndani hamna mtu mwenye nguvu. Mmoja akianguka, mwingine atataka kumwinua, na wataanguka wote wawili. Akasema watoto wao wana haki ya kujua, na nisipowaambia atawaambia yeye. Nikamjibu kwamba huo ni wivu wa kibiashara.

Nimefika nyumbani, Kemirembe kaandaa chakula. Kila nikitia tonge mdomoni namwona Ma Celestina chini na Bibi Mukandekezi anainama kumwinua kwa magoti yale.

Jumamosi, 26 Julai.

Naandika kabla hata ya kuvua viatu.

Winston aliwaambia. Jana nilijaribu kuzuia. Gosbert nilimwambia daraja limekatika. Niyonsaba nilimwambia kuna wateja wengi wa vitenge wanakuja Kayanga leo kwa ajili ya harusi, asifunge genge. Gosbert alijibu kwamba tuko kiangazi, mto gani umekata daraja. Niyonsaba hakujibu kabisa.

Asubuhi nikawahi Kimuli ili niwe wa kwanza. Nikawa wa tatu. Gosbert na Niyonsaba walikuwa wamesimama uani, wameshajuana. Mlango umefungwa. Jiko limepoa. Kuku wanazunguka peke yao.

Gosbert aliniuliza mama yake yuko wapi. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonimaliza. Tukaita. Tukazunguka migombani, tukaenda mpaka chemchemi, Niyonsaba akichungulia kila mtaro na kuita mama, mama, kama mtoto. Mimi nilikuwa nyuma nikimwahidi Mungu mambo mengi. Niliona kabisa jinsi nitakavyosimama kwenye misiba miwili bila pa kutazama.

Jirani mmoja aliyekuwa anachuma kahawa akatuambia aliwaona wakielekea zahanati, kila mmoja na fimbo yake, wameshikana. Mmoja wao ni mgonjwa sana, alisema. Gosbert akauliza ni yupi. Jirani akasema hapo ndipo hakuelewa.

Tulikimbia.

Walikuwa kwenye benchi la zahanati, bega kwa bega, vitenge vimefungwa vizuri. Muuguzi alikuwa mbele yao amekata tamaa. Tulimsikia tukiwa mlangoni.

"Nauliza kwa mara ya mwisho, bibi zangu. Mgonjwa ni nani?"

"Huyu," akasema Ma Celestina, akimwonyesha Bibi Mukandekezi.

"Huyu," akasema Bibi Mukandekezi, akimwonyesha Ma Celestina. "Anakohoa tangu jana. Mimi nimemleta tu."

"Kikohozi kitu gani? Mtazame goti lake, mwanangu. Limevimba. Mimi ndiye niliyemleta."

Gosbert aliegemea ukuta, akateleza mpaka chini, akakaa sakafuni. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka. Niyonsaba alimkumbatia mama yake, kisha akamkumbatia Ma Celestina, kisha kwa bahati mbaya akanikumbatia mimi. Alipotambua aliniachia.

Wote wawili walipimwa. Kikohozi ni vumbi la kiangazi. Goti limepewa dawa ya kuchua. Presha ya Ma Celestina imeshuka vizuri.

Niliomba kukaa kwenye benchi. Muuguzi akaniuliza kama mgonjwa ni mimi.

Jumapili, 27 Julai.

Baada ya kanisa tulikaa uani Kimuli, kila mtu na sahani ya ndizi na maharage. Gosbert alikuwa amekuja kumchukua mama yake ampeleke Mwanza. Lakini jana amemwona anatembea, na leo amemwona anakula. Basi akamwuliza anataka kuishi wapi. Mimi nilishangaa, swali rahisi namna hiyo.

Ma Celestina akasema Mwanza hapana, kule alikaa nyuma ya geti akisikiliza friji. Anataka kukaa hapa, na wakati wa kuvuna waende wote Nyakakika kwenye kahawa yake, maana mgonjwa anahitaji kubadilisha hewa. Bibi Mukandekezi akasema hata yeye ndivyo alivyopanga kwa ajili ya mgonjwa wake. Niyonsaba akaomba kitu kimoja tu: awepo mtu mwenye nguvu wa kuchota maji, kupasua kuni, na kupiga simu likitokea la kutokea. Wazee wakakubali, kwa sharti kwamba asimshike mtu mkono.

Mtu huyo alikuwa amesimama kwenye migomba anasubiri kuitwa. Kayitesi. Aliyemleta ni Winston. Sifa zote zimemwendea yeye. Nimenyamaza kikristo.

Nikitoka, Ma Celestina alinisindikiza.

"Nilijua tangu asubuhi ya kwanza," akaniambia. "Mgonjwa gani anayeniamsha mimi kwa uji? Lakini usimwambie. Akijua simtegemei atalala kitandani tena."

Sikufika mbali. Bibi Mukandekezi alitokea upande wa pili wa nyumba, akanishika mkono wa shati, akaniambia maneno hayo hayo juu ya Ma Celestina.

Kabla sijatoka, Gosbert alikuwa amenitaka niahidi mbele ya wote. Nikaahidi: sitaficha tena neno, na kabla ya kumpangia mzee lolote, nitaanza kwa kumwuliza mwenyewe. Niliahidi kwa moyo wote. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba ningeahidi hata kuacha pombe.

Nimerudi Nyakakika kwa miguu kipande kirefu nikiimba. Hakuna aliyekufa.

Jumatano, 30 Julai.

Habari zimeenea. Leo kanipigia mtu wa Rugera, Nsabimana. Wa Rugera kabisa, mlangoni kwa Winston, na kanipigia mimi. Baba yake, mzee Twagirayezu, ni mjane, amekonda, hataki msaidizi. Nikamwambia ninaye mlezi, mwanaume mtu mzima, mzoefu.

Mlezi ni baba mkwe wangu. Kemirembe nimemwambia kuna familia nzuri Rugera itakayomtunza baba yake. Mzee Twagirayezu ataambiwa anampokea mgonjwa. Gari nimeshalikodi, la Jumamosi.

Baba mkwe mwenyewe bado hajui. Nitamwambia tukishavuka nusu ya njia.