Namba Tasa ya Kigombe

Mwezi wa Januari 1954 serikali ilitangaza habari njema: namba 10,001 imechunguzwa kikamilifu na kuonekana ni tasa.

Mchunguzi alikuwa Bwana Mselem, karani mkuu wa Idara ya Tabia za Namba huko Tanga, idara yenye meza moja na mihuri sita. Wadudu walikuwa wameimaliza minazi ya Kigombe, na serikali ikaleta miche 10,001 pamoja na agizo: igawanywe sawasawa, usibaki hata mmoja, watu wasije wakagombana. Bwana Mselem akaijaribu namba kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, mpaka sabini na mbili. Ikakataa. Adhana ya Ijumaa ikalia, naye hakuona sababu ya kuchelewa msikitini kwa ajili ya namba kaidi. Akagonga muhuri.

Namba tasa haigawiki ila kwa moja au kwa yenyewe. Basi miche yote iende kwa mtu mmoja mwadilifu. Bwana Mselem alimtafuta kwa dakika tano, akajiona.

Alipofika Kigombe kutazama mali yake, alimkuta Mwamvua, mjane aliyekuwa akiuza mafuta ya nazi kabla minazi haijafa. Yeye na wenzake waliamriwa kumwagilia miche.

"Bwana Mselem, hapa tuna nyumba sabini na tatu. Tumepanga safu sabini na tatu, kila nyumba imwagilie yake. Kila safu ina miche mia na thelathini na saba. Hakuna uliobaki."

"Mmepanga kwa idhini ya nani? Namba hii ni tasa, bibi. Ina muhuri."

"Mbona imezaa?"

Bwana Mselem akatoa kalamu. Akaandika kwenye ripoti: "Safu zilizoonekana Kigombe ni za muda."

Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, Mwingereza aliyeamini mihuri kuliko macho yake, aliiridhia ripoti. Akaongeza kifungu: mali ya mtu mmoja, kazi ya mtu mmoja. Mashimo 10,001 yachimbwe kwenye shamba la kijiji na mwenye miche, kwa mkono wake, kabla ya masika. Asipochimba, miezi sita jela.

Siku ya tatu Bwana Mselem alikuwa na mashimo ishirini na tisa, na viganja vimechubuka. Akamfuata Mwamvua.

"Bibi, nimeipitia namba upya. Inaelekea kugawanyika."

"Kwa ngapi?"

"Sabini na tatu."

"Na wewe umo?"

Akapiga hesabu mchangani, akafuta, akapiga tena. "Nikiwamo tunakuwa sabini na nne. Inabaki miche kumi na moja, na agizo limekataza masalio."

"Basi andika."

Akaandika, kalamu ikimuuma kiganjani. Alasiri ile kila nyumba ilibeba yake. Miche ya kwanza ya Mwamvua iliingia kwenye mashimo ishirini na tisa ya Bwana Mselem. Mwamvua alisema yalikuwa na kina kizuri sana.