Uzi Mwekundu wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Ushindi! Mama mkwe kanikabidhi uzi wake wa sufu niufue. Kausokota kwa mkono, kautia rangi ya mizizi aliyoichemsha mwenyewe, wote kwa ajili ya blanketi la mtoto wetu wa kwanza, anayetarajiwa wakati wowote. Uzi mwingine hana, na vidole sasa vinamuuma. Alitaka kumwita mwanyumba wangu, yule bwana mjuaji aliyemwoa dada wa mke wangu. Nikawahi. Nikasema kazi hiyo nimeizoea tangu utotoni. Hata soksi zangu hufuliwa na mke.

Jumanne, 4 Machi
Ajabu! Shada la uzi, ule mzunguko wa nyuzi uliofungwa pamoja, lilikuwa limejikunjakunja kama lina kinyongo. Nikalizamisha kwenye beseni la maji vuguvugu, bila kusugua, kama nilivyoagizwa. Likashuka taratibu, likatulia, likanenepa. Wekundu ukasambaa majini kama moshi. Roho ikaniruka: nimemaliza rangi ya mtoto! Mama mkwe akasema ni ile ya ziada tu, niiache itoke. Maji yalipotakata akalikamua ndani ya taulo, kisha akalichapa ukutani, paa! paa! Nikadhani amekasirika. Kumbe ndivyo uzi unavyosawazishwa. Sikujua uzi una uhai.

Jumatano, 5 Machi
Mwanyumba kapita. Katazama shada kwenye kamba, kasema la kwake siku zote hunyooka, hili lina mawimbi. Kacheka kidogo. Kidogo hicho kimenichoma. Mama mkwe alikataza uzi usivutwe. Lakini kalala, na pasi ipo. Nimeining'iniza chini ya shada, uzito wake ulivute. Limenyooka kama rula! Mwanyumba atajua hajui.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Uzi umekauka mwembamba, mgumu, kama kamba ya kufungia mizigo. Mke wangu akashika tumbo, akaniuliza mtoto atafunikwa na nini. Niliona aibu mpaka masikioni. Mama mkwe aliupapasa, akaurudisha kwenye maji vuguvugu. Tukachutama sote. Polepole ukajikunja, ukavimba, ukawa laini tena mbele ya macho yangu! Machozi yakanilenga.

Mama mkwe akasema, "Haujafa, mwanangu. Ukivutwa, unasamehe. Maji ya moto hausamehe. Unagandamana, haufumiki tena."

Jumamosi, 8 Machi
Uzi umekauka. Mnene, mwekundu, mwororo. Nimeuweka shavuni, nikashindwa kuutoa. Mama mkwe kampeleka mke wangu kliniki. Mwanyumba anakuja jioni kuuona.

Nimewaza sana. Maji vuguvugu tu yamefanya muujiza ule! Yakiwa ya moto je? Mama mkwe ni mwoga, wazee ndivyo walivyo. Nimebandika sufuria kubwa. Nimesimama na shada mikononi. Yameanza kuchemka.