Wagonjwa Watano wa Daktari Munyakazi

Mungu hugawa vipaji apendavyo, na Munyakazi alipewa ulimi. Machi 1992 alikuwa akinywa chai ya maziwa katika mkahawa mmoja wa Nyamirambo, redio ikatangaza kwamba kuna ugonjwa wa kompyuta unaozunguka dunia nzima, na kwamba utafuta kila kitu kilichomo ndani ya mashine hizo. Wateja waliendelea kutafuna mandazi yao, kwani hakuna aliyekuwa na kompyuta. Isipokuwa mmoja. Bwana Habumugisha, direkta wa shule ya jioni ya Mwangaza, kikombe kilimganda hewani.

"Kompyuta nazo zinaugua?" aliuliza.

Munyakazi, ambaye maishani mwake hakuwahi kugusa hata moja, alisogeza kiti.

"Zinaugua vibaya, Bwana Direkta. Bahati yako umekaa karibu na daktari wake."

Kesho yake jioni alifika shuleni juu ya pikipiki yake nyekundu, ile aliyoiosha kila asubuhi kabla ya kunawa uso wake mwenyewe. Koti jeupe alikuwa ameliazima kwa muuza nyama. Doa la damu kifuani lilimwongezea heshima.

Wanafunzi walikuwa watu wazima waliotoka kazini. Muhula mzima walijifunza kuchapa kwenye vipande vya katoni vilivyochorwa herufi. Mbele yao zilikaa kompyuta tano, kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Bwana Direkta alisema zinapumzishwa. Yasmina, mshona nguo wa Biryogo, alikuwa akiziombea dua kila Ijumaa ziamke.

Munyakazi alilaza sikio juu ya kitambaa, akafumba macho.

"Homa," alisema. "Tena kali."

"Tufunue tuone?" aliuliza Nzeyimana, fundi baiskeli mwenye mabega mapana.

"Hapana!" walisema Direkta na Daktari kwa pamoja, kisha wakatazamana kidogo.

"Sikilizeni, ndugu zangu," Munyakazi akaongeza haraka. "Atakayeifungua kompyuta yenye ugonjwa huu, ameiua. Nitazipeleka kwenye hewa safi. Ndera."

"Ndera si kwa wenye wazimu?" Yasmina aliuliza.

"Na hizi wazimu umeshaanza, dada yangu."

Darasa lilicheka. Bwana Direkta hakucheka. Alikuwa akitazama nje dirishani.

"Sawa, Daktari. Ila mwenye wagonjwa naye umwachie kitu cha kumtuliza moyo. Ile pikipiki, kwa mfano."

Munyakazi alijiona kama ameombwa aache mguu. Lakini huko Ndera alikuwa na mnunuzi, Kabera, na kompyuta moja tu ingempatia pikipiki nyingine. Akaubusu ufunguo, akautoa. Direkta mwenyewe alisaidia kupakia kwenye pikapu ya kukodi. Alibeba mashine mbili kwa mara moja, na Munyakazi akamsifu kwa nguvu zake.

Huko Ndera, Kabera alitia bisibisi, akafungua ya kwanza. Ndani mlikuwa na majani makavu ya migomba. Ya pili, majani na jiwe la kuipa uzito. Ya tatu hadi ya tano, hivyo hivyo.

"Yewe Munyakazi," alisema Kabera, "umeniletea kompyuta au umeniletea ndizi za kuivisha?"

Matumbo ya mashine yalikuwa yameuzwa zamani. Munyakazi alirudi mjini kwa miguu, akimwomba Mungu amwadhibu mwizi, bila kutaja ni yupi.

Alilikuta darasa limejaa.

"Karibu, Daktari," alisema Direkta, ufunguo ukining'inia kidoleni. "Wagonjwa wetu hawajambo?"

"Wagonjwa gani! Nimezifungua zote, ndani ni majani ya migomba na mawe!"

"Umezifungua?" Direkta alishika kichwa. "Jamani, mmesikia! Si alituambia mwenyewe, hapa hapa, kwamba kuzifungua ni kuziua? Mashine zangu! Basi, pikipiki nitabaki nayo iwe fidia."

Munyakazi alifungua kinywa. Ulimi, kile kipaji chake, ulilala.

"Ngoja kwanza, Bwana Direkta," alisema Yasmina. "Majani yaliingiaje?"

Direkta alijifuta jasho. "Dada Yasmina, ugonjwa huu hamuujui. Redio ilisema. Unabadilisha kila kitu cha ndani."

"Na mawe unatia?" aliuliza Nzeyimana, akienda kusimama mlangoni.

Watu waliinuka mmoja baada ya mwingine, katoni zao mikononi. Yasmina alinyoosha kiganja, na Direkta, baada ya kuyapima mabega ya Nzeyimana, aliuweka ufunguo pale.

"Fidia ni ya darasa," Yasmina alisema. "Au Daktari ana neno? Aliyesema kumfungua mgonjwa ni kumuua, alimfungulia nini kama si kumuuza?"

Daktari alilivua koti la muuza nyama.

Pikipiki iliuzwa, ikaleta kompyuta moja, kuukuu lakini hai, nayo haikufunikwa kitambaa. Jioni ya kwanza Munyakazi alisimama dirishani akiitazama kama mtu anayemtazama mchumba wake akiolewa na mwingine.

"Ingia, Daktari," Yasmina alimwita. "Mgonjwa anakuulizia."

Darasa lilicheka, likampisha. Aliingia, akanyoosha kidole kwa woga, akabonyeza herufi moja. Ikatokea kwenye kioo, ya kijani, ikimetameta.

"Mana yanjye," alinong'ona, na ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kulitaja jina la Mungu bila kutafuta faida.